Alama za Bamvua

Fomu ya uchunguzi wa mtoto ina visanduku kumi na vinne. Bi Zuleikha Ahmada, afisa ustawi wa jamii katika ofisi ya wilaya mjini Unguja, alikuwa amezijaza fomu hizo kwa miaka kumi na saba, na alivijua visanduku vyake kama mtu anavyovijua vidato vya ngazi ya kwao: miguu hupanda yenyewe hata taa zikizimika. Kisanduku cha tisa ndicho kilichokuwa chembamba kuliko vyote. Juu yake pameandikwa "Maoni ya mtoto", na nafasi iliyoachwa ilitosha mstari mmoja.

Jumatatu asubuhi mkuu wake, Ndugu Khatib, aliingia na majalada kwapani.

"Kazi mbili, Bi Zuleikha, na zote za jana," alisema. "Ya kwanza hii. Serikali inaandika ripoti ya utekelezaji wa haki za mtoto, na sisi tumeangukiwa na haki ya mtoto kusikilizwa. Wanataka takwimu za miaka mitatu: watoto wangapi wamepelekwa kwa walezi, wangapi waliulizwa, wangapi waliridhia. Jumatatu ijayo iwe mezani kwangu."

"Na ya pili?"

"Ya pili nyepesi. Bi Bashira wa Mpendae anaomba ulezi wa mtoto wa marehemu kaka yake uwe wa kudumu, mpaka binti atimize miaka kumi na minane. Kesi Alhamisi. Jalada ulilifungua wewe mwenyewe, miaka miwili nyuma. Nenda kamwone mtoto, jaza fomu, tufunge."

Zuleikha alianza na hesabu. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba jambo likishahesabiwa limeshafahamika nusu yake. Mpaka adhana ya adhuhuri alikuwa amepitia majalada mia mbili na kumi na mawili. Katika kumi na manne, kisanduku cha tisa kiliachwa kitupu. Katika kumi na moja mlikuwa na maneno ya mtoto mwenyewe, kama yule aliyesema anataka kwenda popote alimradi aende na mdogo wake. Mia na themanini na saba yaliandikwa kuwa mtoto ameridhia.

Asilimia themanini na nane. Takwimu kama hiyo haimtii mtu aibu. Lakini Zuleikha alikuwa na tabia ya kuirudia hesabu kwa njia nyengine, na mara hii alisoma maneno badala ya kuhesabu majalada. Katika majalada mia na ishirini na moja sentensi ilikuwa moja, hata nukta zilikaa mahali pamoja: "Mtoto alinyamaza. Ameridhia."

Maafisa tisa, shehia mbalimbali, miandiko mbalimbali. Watu tisa hawabuni sentensi moja. Wamefundishwa.

Na aliyewafundisha ni yeye.

Alikumbuka siku na ukumbi. Ilikuwa semina ya maafisa wapya, miaka sita nyuma. Kijana mmoja aliuliza afanye nini mtoto akiulizwa asijibu. Zuleikha akamjibu kwa swali: "Kwani mwari akiulizwa na walii wake, hujibu?" Ukumbi mzima ukacheka, kwa sababu hakuna aliyezaliwa Unguja asiyejua. Walii huja mlangoni, akamuuliza binti yake kama amekubali aozwe kwa fulani, binti huinamisha kichwa chini ya mtandio, na akishaulizwa mara tatu akanyamaza, somo yake, yule mwanamke anayemfunda, aliyekaa ubavuni, hutoka akasema, "Karidhia." Vigelegele vikapigwa. "Basi," Zuleikha aliwaambia, "mtoto mwenye adabu naye vivyo hivyo." Kalamu zote zikainama zikaandika.

Jalada la mwisho alilolifungua siku ile lilikuwa la Mpendae. Yusra Mudrik, amezaliwa Chwaka, umri wakati ule miaka saba. Baba, fundi wa ujenzi, amefariki kwa kuanguka jengoni. Mama, Mwanakhamis Jaku, mkulima wa mwani. Shangazi, Bi Bashira, mjane, mshonaji, hana mtoto, yuko tayari kumsomesha. Na kisanduku cha tisa, kwa mwandiko wake mwenyewe ulionyooka: "Mtoto alinyamaza. Ameridhia."

Jumanne alikwenda Mpendae. Alipiga hodi, na sauti ikamjibu kutoka nyuma ya cherehani.

"Karibu mwenye hodi yake! Pita, Bi Zuleikha, leo nimepika mchuzi wa pweza, usije ukaniambia umefunga."

"Nshakula, ahsante."

"Umekula ofisini? Chai na mandazi, huko si kula." Bi Bashira aliinuka, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni. Sare za skuli zilikuwa zimepangwa mkekani kwa rangi zake. "Umekuja kumkagua mtoto. Mkague. Mgeuze mbele na nyuma. Ukiona hata alama ya mbu, niandike."

Zuleikha alikagua, maana ndiyo kazi. Kitanda cha mtoto peke yake, chandarua kizima. Madaftari yamefunikwa magazeti. Maksi za Hesabu, tisini na mbili. Ripoti ya mwalimu wa chuo cha Kurani: amefika juzuu ya tano. Kila kisanduku, kutoka cha kwanza mpaka cha nane, kilijazika bila ya tabu na bila ya uongo.

Yusra mwenyewe alikuwa amekaa chini mbele ya sahani. Alikuwa na miaka tisa sasa, mwembamba, nywele zimesukwa mistari. "Shikamoo," alisema. Zuleikha alimwitikia, akaitazama sahani. Wali ulikuwa umesogezwa kando kando, katikati pameachwa uwanja.

"Anakula huyu?"

"Anakula kama nzige," alisema Bi Bashira. "Ila siku zake hizi." Akamshika Zuleikha mkono, akampeleka kwenye kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani, ile inayotolewa na duka la vitambaa la Darajani. Uso wake ulikuwa umejaa fahari. "Tazama. Kila mwezi anatia alama Ayyamul-bidh, zile siku za sunna za kufunga, katikati ya mwezi. Hakuambiwa na mtu! Siku hizo hali vizuri, anajizoeza kufunga. Miaka tisa, Bi Zuleikha. Mie mtu mzima nnazisahau."

Alama zilikuwa vidoti vya biki nyekundu, vidogo, safi, kila kimoja katika pembe moja ya siku yake.

Zuleikha alirudi akakaa. "Yusra," alisema, "shangazi yako anataka uendelee kukaa naye hapa mpaka ukue. Wewe unasemaje?"

Mtoto aliitazama sahani.

"Mjibu bibi," alisema shangazi.

Kimya. Nje muuza barafu alipita akigonga kengele yake.

"Haya zake hizo! Ndivyo alivyokuwa marehemu baba yake. Ukimuuliza kama ana njaa, utangoja mpaka chakula kipoe." Bi Bashira alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, maana alikuwa mtu wa kucheka na kulia kwa wakati mmoja kila akimtaja kaka yake.

Kalamu ya Zuleikha ilishafika kwenye kisanduku cha tisa. Ilishaandika "Mtoto ali", kwa mazoea, ikasimama. Haikusimamishwa na huruma; huruma aliizoea. Ilisimamishwa na hesabu. Ayyamul-bidh ni tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano. Alama za Yusra zilianza kumi na nne, zikaenda mpaka kumi na nane. Na mwisho wa kila mwezi zilikuwepo nyengine, kuanzia ishirini na tisa mpaka tarehe tatu ya mwezi unaofuata, mahali ambapo hapana funga yoyote ya sunna aijuayo. Mtoto mwenye maksi tisini na mbili hakosei kuhesabu kwa miezi minane mfululizo. Alikuwa anahesabu kitu chengine.

Aliomba ruhusa akaipiga picha kalenda. Nje, Ubwa, dereva wa ofisi, alikuwa ameegemea gari anakula embe mbichi kwa chumvi. Kwao ni Chwaka.

"Ubwa, tazama hizi tarehe. Siku hizi zina nini?"

Ubwa alijifuta vidole, akaikuza picha. "Kumi na nne mpaka kumi na nane. Ishirini na tisa mpaka tatu." Akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Bamvua, Bi Zuleikha. Si ndipo maji yanapotoka yakenda mbali? Wanawake wote wamo kwenye mwani siku hizo, saa tatu, saa nne za asubuhi. Zikipita ni maji mafu, hawaendi. Nani kakuandikia?"

"Mtoto wa miaka tisa."

"Basi mpelekeni bandarini akafanye kazi. Wale wanaopiga hesabu ya maji huko mwaka jana walikosea."

Njiani Zuleikha aliitazama tena picha ya kalenda. Alikuwa amekumbuka kitu asichokuwa na haja nacho, nacho kikakataa kuondoka. Alikuwa na miaka ishirini, amebakisha mwaka mmoja wa chuo cha ualimu, na amekaa chini ya mtandio. Baba yake alimuuliza mara tatu. Abdulwahid, mume aliyeozwa, alikuwa mtu mwema na angali mwema. Hilo halikuwa suala. Suala ni kwamba chini ya mtandio ule alikuwa na sentensi tayari, fupi, ya kuomba wangoje mwaka mmoja, na alikuwa anaipanga vizuri isije ikawa utovu wa adabu. Alipokuwa ameshaipanga, somo yake alishatoka. Mwaka ule mmoja aliusoma baada ya miaka kumi na moja. Ilikuwa kweli kwamba mwari hunyamaza kwa haya. Ilikuwa kweli pia kwamba hakuna aliyewahi kuuliza kama kimya chote ni cha haya.

Na yeye aliulizwa akiwa na miaka ishirini. Yusra alikuwa na saba.

Jumatano saa moja na nusu alikuwa skulini kwa Yusra. Mwalimu mkuu alitaka kumwita mtoto ofisini kwake na kukaa naye "asiogope". Zuleikha alikataa kwa upole, akaomba benchi lililokuwa barazani upande wa bustani. Alikaa ubavuni mwa mtoto, asimkabili. Saa yake aliivua akaitia mkobani.

"Yusra, jana nilikuuliza vibaya," alisema. "Nilikuuliza mbele ya shangazi yako. Leo nakuuliza tena. Ukisema, nitaandika ulivyosema. Ukinyamaza, nitaandika umenyamaza, basi, halafu nitakuja siku nyengine."

Mtoto alifikiri. Darasa la pili walikuwa wanaimba jedwali la saba.

"Mara ile uliandika nini?" aliuliza.

"Niliandika umeridhia."

"Kuridhia nini?"

"Kwamba unataka kukaa Mpendae."

Yusra aligeuka akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyekuta jawabu ya hesabu nyuma ya kitabu, na jawabu si ile aliyoipata.

"Mie nlikuwa nnamsubiri mama aseme," alisema. "Nlidhani mkubwa ndiye anayesema kwanza. Mama hakusema. Nkajua hanitaki."

Zuleikha aliandika.

"Na zile alama kwenye kalenda?"

"Shangazi anadhani nnafunga," alisema Yusra, kwa sauti ya chini, kama anaungama wizi. "Usimwambie. Anafurahi. Zile ni siku mama yumo baharini. Nikiwa darasani nnajua yuko wapi. Saa nne yumo kwenye maji, anafunga mwani."

"Na siku nyengine?"

"Siku nyengine sijui yuko wapi."

Kengele ililia, watoto wakatoka mbio, nao wakangoja mpaka uwanja ukatulia. Kisha Yusra alisema maneno aliyokuwa bila shaka ameyapanga zamani, maana yalitoka bila ya kusita, na Zuleikha aliyaandika yote, mstari wa kisanduku ukajaa, akageuza karatasi akaendelea nyuma.

Saa nne kasorobo gari ilisimama Chwaka. Maji yalikuwa yametoka mbali, na ghuba nzima ilikuwa mchanga mweupe, vidimbwi, na safu za vigingi vyenye kamba. Wanawake walionekana kule mwisho, wameinama, wengi, wote na mitandio iliyofungwa kichwani kwa jua. Ubwa alimwelekeza kwa kidole. Zuleikha alivua viatu akatembea. Maji yalimfika kwenye kifundo, kisha kwenye muundi, kisha magotini, na akaliacha baibui lake lirowe.

Mwanakhamis Jaku alimtambua mbali. Alisimama, kamba mkononi.

"Mwanangu ana nini?"

"Hana kitu. Mzima. Nimetoka kumwona sasa hivi."

Mwanamke aliinama tena, akafunga kishada cha mwani kwenye kamba, akachukua chengine. Mikono yake ilikuwa imekauka kwa chumvi. Alikuwa na umri usiofika thelathini na tano.

"Bi Mwanakhamis, amri ya mahakama ilikupa ruhusa ya kumwona kila ulipotaka. Bi Bashira anasema hujakanyaga nyumbani kwake tangu mwaka juzi."

"Kweli."

"Kwa nini?"

"Si wewe uliyesoma pale mahakamani?" Hakusema kwa ukali. "Ulisimama ukasoma, 'Mtoto ameridhia.' Nkasema moyoni, mtoto kaona kitanda, kaona umeme, skuli mlangoni, kanichoka mie na hali yangu. Nikenda kila wiki ntamtia unyonge. Nkajizuia."

"Hukwenda kabisa?"

"Nlikwenda mara mbili. Maji mafu, sina kazi. Nlifika mpaka lile duka la pembeni. Nkamwona anatoka chuo na wenziwe, anacheka. Nkanunua sabuni nsiyokuwa na haja nayo, nkarudi."

Zuleikha alikuwa ameandaa maelezo. Aliyaacha.

"Hakuridhia," alisema. "Alinyamaza. Mimi ndiye niliyeandika ameridhia. Alikuwa anakungoja wewe useme."

Kamba ilianguka majini. Mwanakhamis hakuiokota.

"Mie nlikuwa nnamngoja yeye," alisema. Alitazama upande wa mji, ambako hakuna kilichoonekana ila minazi. "Nlisema, akitamka tu 'mama', ntamchukua, hata nikafungwe. Nlikuwa nnamtazama mdomo."

Wenziwe wa safu ya pili walikuwa wameacha kazi, wanatazama. Mmoja, bibi wa makamo aliyeitwa Hija, alipiga kelele: "Mwanakhamis! Kuna msiba?"

"Hakuna!" alijibu bila ya kugeuka. Kisha kwa Zuleikha, "Lini?"

"Kesho saa tano. Najua ni bamvua. Najua utapoteza siku."

"Hata mara ile ilikuwa bamvua," alisema Mwanakhamis. "Nlikuja na marinda yamerowa. Hakuna aliyeuliza." Akaiokota kamba. "Ntakuja."

Alasiri ile Zuleikha aliweka mezani kwa Ndugu Khatib karatasi nne. Khatib alisoma ya kwanza amesimama. Ya pili alikaa.

"Unaiambia serikali kwamba takwimu zetu hazina maana."

"Naiambia kwamba watoto kumi na moja ndio tuna hakika walisikilizwa. Kumi na moja katika mia mbili na kumi na mbili. Asilimia tano."

"Na hapa umeandika kosa lilianzia kwenye semina uliyoiendesha wewe. Kwa jina. Bi Zuleikha, unajipalia makaa. Andika 'ilibainika kuwa na upungufu', kama watu wengine."

"Upungufu haukufundisha semina. Nimefundisha mimi."

Khatib alicheka kidogo, asipende. "Na haya mapendekezo? Mtoto aulizwe mbali na anayeishi naye. Yaandikwe maneno yake, si yetu. Akinyamaza iandikwe amenyamaza, na afisa arudi mara ya pili na ya tatu. Una maafisa tisa na gari moja! Nani atarudi?"

"Ndiyo maana yanaitwa mapendekezo kwa serikali. Sheria ishasema mtoto asikilizwe. Haikusema kwa gari gani. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Na ukurasa wa nne kuna jambo dogo. Kesi za watu wa pwani zisipangwe siku za bamvua."

"Mahakama ifuate mwezi?"

"Inafuata mwezi kwa Ramadhani na kwa Idi. Kwa hili ni kuitazama kalenda tu."

Khatib alizikusanya karatasi, akazigonga mezani zikae sawa. "Ntaipeleka," alisema mwishowe. "Lakini nisikuone unafundisha semina nyengine."

"Nitafundisha. Wale wale tisa. Lazima wafutishwe niliyowafundisha."

Alhamisi chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja na saa ya ukutani. Bi Bashira alikaa kulia na Yusra, amevaa baibui jipya. Mwanakhamis aliingia saa tano kasoro dakika mbili, akakaa kushoto, mikono mapajani. Mama na mwana walitazamana mara moja, wakaangalia chini wote wawili, kwa namna moja.

Hakimu, mwanamke mwenye sauti ndogo, alimwomba afisa asome. Zuleikha alisoma visanduku vinane kama vilivyokuwa, kwa kuwa nyumba ya Mpendae ilistahili. Kisha akasema kwamba katika kesi ya kwanza aliiambia mahakama mtoto ameridhia, na kwamba maneno yale hayakuwa ya mtoto. Akasoma ya mtoto.

"'Nnampenda shangazi. Kanishonea sare mbili. Nnataka kukaa na mama. Nikikaa na mama, shangazi nitamkumbuka, lakini yeye ntajua yuko wapi. Yuko nyumbani anashona. Mama simjui yuko wapi ila siku za bamvua.'"

Bi Bashira aligeuka taratibu akamtazama mtoto. "Zile alama?" alinong'ona, na kila mtu akasikia. "Yusra. Na mie nlikuwa nnakupunguzia wali nikidhani unafunga!"

"Nisamehe, shangazi."

"Nikusamehe nini." Alilia waziwazi, kanga mdomoni. "Huyu ndiye aliyenibakia wa Mudrik. Nimekosa nini mie?"

"Hukukosa, wifi," alisema Mwanakhamis kutoka upande wa pili. Lilikuwa neno la kwanza baina yao kwa miaka miwili.

Hakimu alimuuliza Yusra kama maneno yaliyosomwa ni yake. Yusra alinyamaza. Hakimu hakuandika. Aliiweka kalamu chini, akangoja, feni ikazunguka, na mtoto akasema, "Naam. Yangu."

Amri ilitoka saa tano na nusu. Ombi la ulezi wa kudumu limekataliwa. Mtoto atarejea kwa mama yake Chwaka, lakini ili asikatishwe masomo na mtihani, atarejea muhula ukimalizika, baada ya wiki kumi. Kabla ya hapo mama amwone atakapo. Ilikuwa amri ya haki. Zuleikha aliipima kila upande asiione kasoro. Wiki kumi kwenye karatasi zilikuwa maneno mawili.

Ukumbini nje ya chumba walisimama wote wanne, hakuna aliyejua nani aondoke kwanza. Yusra alikuwa amemwegemea mama yake ubavuni, uso umezama kwenye nguo iliyonuka mwani na moshi, na mkono mmoja ameuacha nyuma, umeshikwa na shangazi.

"Maji mafu nnakuja," Mwanakhamis alimwambia. "Wiki ijayo tu. Mpaka mlangoni, si dukani."

"Uje ule kwangu," alisema Bi Bashira, akipenga kamasi. "Usije na chakula, utanitia aibu."

"Na bamvua?" aliuliza Yusra.

"Bamvua ntakuwa kazini, mwanangu. Unajua."

Yusra alihesabu kimya kimya, midomo ikicheza. "Zimebaki tano," alisema. "Ukiacha hii."

Kupitia mlango ulioachwa wazi saa ya ukutani ilionekana. Yusra aliitazama, na Zuleikha akamwona mama yake naye anaitazama saa ile ile.

"Maji yashaanza kujaa," alisema mtoto.

"Yashaanza," alisema Mwanakhamis, asiondoke.